Umbo na Tiba: Historia ya Uundaji wa Vielelezo vya Protini za Bakteria kwa Kompyuta katika Usanifu wa Dawa, 1945–2022

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya matumizi ya kompyuta katika kuunda vielelezo vya protini za bakteria kwa lengo la kusanifu dawa. Uchunguzi unaanzia mwaka 1945, muundo wa penisilini ulipobainishwa, na kuishia mwaka 2022, wakati maumbo yaliyokadiriwa na kompyuta yalipofikia zaidi ya protini milioni 200. Kwa kutumia bakteria wa kifua kikuu kama kisa mahususi, insha inajadili swali moja: je, kulijua umbo la protini kumetosha kuleta dawa? Hoja inayojengwa ni kwamba, katika kipindi chote hicho, vielelezo vimefaulu zaidi kueleza utendaji wa dawa zilizokwisha kupatikana, pamoja na chanzo cha usugu dhidi yake, kuliko kuzalisha dawa mpya. Aidha, inaoneshwa kuwa pengo hilo halikutokana na udhaifu wa hesabu peke yake. Lilitokana pia na ukweli kwamba dawa haikabiliani na protini moja bali na kiumbe hai.

1.0 Utangulizi

Protini ni mnyororo wa asidi amino unaojikunja na kupata umbo maalumu. Umbo hilo ndilo linaloamua kazi ya protini. Protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, yaani vimeng'enya, huwa na tundu ambamo molekuli fulani huingia na kubadilishwa. Mwaka 1894 mwanakemia Mjerumani Emil Fischer aliufananisha uhusiano huo na ule wa kufuli na ufunguo. Dawa nyingi zinazoua bakteria hufanya kazi kwa kuliziba tundu hilo, hata kimeng'enya kikashindwa kufanya kazi ambayo bakteria hawezi kuishi bila hiyo.

Kutokana na mfano wa Fischer lilizaliwa wazo lenye mvuto mkubwa: iwapo umbo la kufuli litajulikana, ufunguo unaweza kuchongwa kwa makusudi badala ya kutafutwa kwa kubahatisha. Wazo hilo ndilo msingi wa usanifu wa dawa unaotegemea umbo. Tija yake kwa upande wa bakteria si suala la kitaaluma tu. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia, na usugu wa bakteria dhidi ya dawa umeendelea kupunguza silaha zilizopo. Kila uamuzi wa kuelekeza fedha na wataalamu katika njia moja ya kutafuta dawa ni uamuzi wa kuziacha njia nyingine. Kwa hiyo, historia ya ahadi ya vielelezo inastahili kupimwa kwa matokeo yake.

2.0 Kutoka Fimbo za Chuma hadi Skrini, 1945–1971

Historia ya hesabu katika uwanja huu ilitangulia kompyuta za kielektroniki. Mwaka 1945 huko Oxford, Dorothy Hodgkin na wenzake walibainisha muundo wa penisilini kwa kupitisha eksirei katika fuwele zake. Mionzi inayotawanywa na fuwele huacha madoa, na kutoka katika ukali wa madoa hayo mtafiti hukokotoa mahali palipo na kila atomu. Ukokotozi huo ulikuwa mzito kiasi kwamba sehemu yake ilifanywa kwa mashine za kadi zilizotobolewa. Matokeo yalimaliza mjadala mkali. Mwanakemia mashuhuri Robert Robinson hakukubali kwamba penisilini ina pete ya atomu nne. Fuwele zilionesha kuwa pete hiyo ipo.

Ikumbukwe kuwa kilichobainishwa hapo kilikuwa umbo la dawa, yaani ufunguo. Kufuli lake halikujulikana. Ilikuwa mwaka 1965 ndipo Donald Tipper na Jack Strominger walipopendekeza kuwa penisilini inafanana na ncha ya mnyororo unaotumika kujenga ukuta wa seli ya bakteria, na kwamba kwa kufanana huko inakinasa kimeng'enya kinachoujenga ukuta. Kufikia wakati huo penisilini ilikuwa imetibu wagonjwa kwa zaidi ya miaka 20.

Protini ni kubwa mno kuliko penisilini, na umbo lake lilidai hesabu nyingi zaidi. Huko Cambridge, John Kendrew alitumia kompyuta ya EDSAC kupata umbo la mayoglobini, protini ya misuli. Picha ya kwanza ya mwaka 1958 ilikuwa na ukungu. Ile ya mwaka 1960 ilikaribia kuonesha atomu. Kielelezo kilijengwa kwa msitu wa fimbo za chuma zilizofungwa vibanio vya rangi, na kulitazama umbo lenyewe katikati ya fimbo hizo kulikuwa kazi ngumu. Katikati ya miaka ya 1960, Cyrus Levinthal wa Massachusetts Institute of Technology aliuhamisha mfano huo kwenye skrini, ambapo mtazamaji aliweza kuizungusha molekuli kwa mkono na kuiona kutoka pande zote.

Hatua iliyofunga kipindi hiki ilikuwa ya kiutawala zaidi kuliko ya kiufundi. Mwaka 1971 Hifadhi ya Data ya Protini ilianzishwa katika maabara ya Brookhaven nchini Marekani ikiwa na maumbo 7 tu. Uamuzi wa kuyaweka maumbo mahali pamoja na kuruhusu kila mtafiti kuyatumia ndio uliowezesha takribani kila kitu kilichofuata.

3.0 Kuazima Umbo kwa Ndugu, 1969–1993

Tatizo lililobaki lilikuwa la wingi. Mfuatano wa asidi amino katika protini ulianza kupatikana kwa kasi, lakini umbo lilihitaji fuwele, na protini nyingi hazikubali kuwa fuwele. Christian Anfinsen, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1972, alikuwa ameonesha kuwa mfuatano wenyewe unabeba maelekezo ya kujikunja. Hata hivyo, Levinthal alitahadharisha mwaka 1969 kuwa njia ambazo mnyororo mmoja ungeweza kujikunja ni nyingi mno kiasi kwamba haiwezekani kuzijaribu zote moja baada ya nyingine. Maelekezo yalikuwepo, lakini hakuna aliyejua kuyasoma.

Njia ya kuzunguka kikwazo hicho ilikuwa kuazima. Mwaka huohuo wa 1969, William Browne na wenzake, akiwemo David Phillips, walijenga kielelezo cha protini ya maziwa iitwayo alfa-laktalbumini kwa kutumia umbo la lisozaimu ya yai la kuku, kwa kuwa mifuatano ya protini hizo mbili inafanana. Mantiki yao ilikuwa kwamba protini zenye asili moja hurithi umbo moja. Mwaka 1986 Cyrus Chothia na Arthur Lesk waliipa mantiki hiyo kipimo: kadiri mifuatano ya protini mbili inavyotofautiana, ndivyo maumbo yake yanavyoachana. Mwaka 1993 Andrej Šali na Tom Blundell huko London walitoa programu ya MODELLER iliyofanya kazi hiyo kwa kanuni zilizo wazi, na katika mwaka huo pia huduma ya SWISS-MODEL ilianza kupatikana kupitia intaneti.

Umuhimu wa kijamii wa hatua hii haupaswi kupuuzwa. Kubainisha umbo kwa eksirei kunategemea mitambo mikubwa iitwayo sinkrotroni, na bara la Afrika halina mtambo wa aina hiyo. Kielelezo cha kuazima kilihitaji kompyuta na mtandao tu. Kwa mara ya kwanza, mtafiti aliyekuwa mbali na mitambo hiyo aliweza kulishughulikia umbo la protini ya bakteria anayewasumbua watu wa kwao.

Sambamba na hayo ilijitokeza mbinu ya kuuchagua ufunguo. Mwaka 1982 kundi la Irwin Kuntz katika University of California, San Francisco, lilitoa programu ya DOCK. Programu hiyo hulijaza tundu la protini kwa tufe za kufikirika, kisha hulinganisha molekuli na tufe hizo ili kuona ipi inaenea. Kwa njia hiyo, maelfu ya molekuli yangeweza kuchujwa kabla ya hata moja kuguswa maabara.

Mfano wa protini ya bakteria uliotajwa mara nyingi wakati huo ulikuwa kimeng'enya cha dihidrofoleti reduktezi cha bakteria Escherichia coli. Umbo lake, kikiwa kimeshikana na methotreksati, lilichapishwa mwaka 1977 na David Matthews na wenzake. Kutokana nalo na maumbo yaliyofuata, ilieleweka ni kwa nini trimethoprimi hukinasa kimeng'enya cha bakteria na kukiacha kile cha binadamu. Lakini trimethoprimi, ambayo ni sehemu ya dawa inayofahamika na wengi Afrika Mashariki kwa jina la Septrin, ilikuwa imekwisha kutumika tangu miaka ya 1960. Kwa mara nyingine, dawa ilitangulia na umbo likaja kuieleza.

4.0 Kisa cha Isoniazidi, 1952–1998

Hakuna kisa kinachoonesha mpangilio huo kwa uwazi zaidi kuliko kile cha isoniazidi. Molekuli hiyo ilitengenezwa kwa mara ya kwanza huko Prague mwaka 1912, bila mtu kujua kuwa ni dawa. Mwaka 1952 iligunduliwa kuwa inaua bakteria wa kifua kikuu, na mara moja ikawa nguzo ya matibabu. Namna inavyowaua haikujulikana.

Kutojua huko hakukuzuia maarifa mengine kuongezeka. Mwaka 1972 Mabaraza ya Utafiti wa Tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza yalichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika hospitali za eneo hili. Lilionesha kuwa matibabu ya miezi 6, yenye isoniazidi na streptomisini pamoja na rifampisini, yanaweza kuchukua nafasi ya matibabu marefu yaliyozoeleka, ambayo yalifikia miezi 18. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970, Karel Styblo alishirikiana na serikali ya Tanzania kujenga mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu, ambao baadaye ulikuwa kiolezo cha mkakati wa Shirika la Afya Duniani. Maendeleo hayo makubwa hayakutegemea umbo la protini yoyote. Yalitegemea wagonjwa waliokubali kushiriki, wauguzi waliofuatilia dozi na madaktari walioandika kumbukumbu kwa uangalifu.

Ilikuwa usugu uliolazimisha swali la utendaji kurejea. Mwaka 1992 Ying Zhang na wenzake walionesha kuwa bakteria waliopoteza jeni iitwayo katG hawadhuriki na isoniazidi. Maana yake ni kwamba isoniazidi si dawa kamili inapomezwa. Kimeng'enya cha bakteria mwenyewe ndicho kinachoiamsha. Mwaka 1994 kundi la William Jacobs katika Albert Einstein College of Medicine, New York, lilibainisha jeni ya inhA kuwa ndiyo inayohusika na shabaha ya dawa. Protini ya InhA hushiriki katika kutengeneza asidi za mikoliki, mafuta marefu yanayoupa ukuta wa bakteria huyu asili yake ya nta. Mwaka 1995 umbo la InhA lilichapishwa. Ilionekana kwamba badiliko moja la asidi amino, katika nafasi ya 94, lilidhoofisha uwezo wa protini kumshika mshirika wake, molekuli ndogo iitwayo NADH.

Jibu kamili lilipatikana mwaka 1998. Denise Rozwarski na wenzake waliona ndani ya tundu la InhA kitu ambacho hakikutarajiwa: kipande cha isoniazidi kilikuwa kimejiunga na NADH, na muungano wa viwili hivyo ndio uliokuwa umelikalia tundu. Kwa lugha ya Fischer, ufunguo haukuwa ule uliomezwa na mgonjwa. Ulikuwa umeundwa ndani ya bakteria, nusu ukitoka kwa dawa na nusu kwa bakteria mwenyewe.

Kisa hiki kina uzito mkubwa katika kupima ahadi ya vielelezo. Programu ya kulinganisha molekuli na tundu, kama ingepewa InhA na isoniazidi peke yake, isingekuwa na namna ya kuona muungano ambao bado haujatokea. Mojawapo ya dawa muhimu zaidi katika historia ya kifua kikuu ingeonekana kuwa molekuli isiyofaa. Kwa upande mwingine, bila umbo la mwaka 1995 na lile la 1998, miaka zaidi ya 40 ya kutojua isingefikia kikomo. Kutokana na maumbo hayo lilizaliwa lengo jipya lenye mantiki: kutafuta molekuli inayolifunga tundu la InhA moja kwa moja bila kuhitaji kuamshwa na KatG, ambako usugu mwingi hutokea. Molekuli kadhaa za aina hiyo zimesanifiwa, lakini hakuna iliyoingia katika matibabu ya kawaida ya kifua kikuu.

Rifampisini inatoa ushahidi wa namna hiyohiyo. Mwaka 2001 kundi la Seth Darst lilichapisha umbo la kimeng'enya kinachonakili jeni kikiwa kimeshikana na rifampisini, na mabadiliko yanayoleta usugu yakaonekana yamelizunguka tundu la dawa. Kimeng'enya hicho kilitoka kwa Thermus aquaticus, bakteria wa chemchemi za maji ya moto, na umbo la kile cha bakteria wa kifua kikuu mwenyewe lilichapishwa mwaka 2017. Katika muda huo wa kati, usugu wa wagonjwa ulielezwa kwa umbo la kuazima, na maelezo hayo yalithibitika kuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Mbinu ya kuazima ilifaa kueleza.

5.0 Jenomu na Matumaini Yaliyopungua, 1995–2012

Mwaka 1995 jenomu ya kwanza ya bakteria, Haemophilus influenzae, ilisomwa yote. Mwaka 1998 Stewart Cole na wenzake walichapisha ile ya bakteria wa kifua kikuu, yenye herufi zaidi ya milioni 4.4 na jeni takribani 4,000. Matumaini yalikuwa makubwa. Orodha ya makufuli yote ilikuwa mezani, na kilichobaki kilionekana kuwa ni kuyabainisha maumbo na kuchonga funguo.

Tathmini iliyochapishwa mwaka 2007 na David Payne na wenzake ilibadili sauti ya mjadala. Kampuni ya GlaxoSmithKline ilikuwa imefanya kampeni 70 za kuchuja molekuli dhidi ya shabaha za bakteria kati ya mwaka 1995 na 2001. Ni 5 tu zilizotoa molekuli za kuanzia. Kampeni hizo kwa sehemu kubwa zilifanywa kwa majaribio ya maabara badala ya kompyuta, lakini zilishiriki dhana ileile: kwamba kuiziba protini iliyotengwa peke yake ndiyo sehemu ngumu ya kazi. Ilidhihirika kuwa ugumu ulikuwa kwingine. Molekuli inayoziba tundu vizuri ndani ya chupa hulazimika kwanza kuupenya ukuta wa bakteria, kisha kubaki ndani bila kutolewa na pampu zinazosukuma vitu vigeni nje.

Bedakwilini ilitoa funzo hilohilo kutoka upande wa pili. Mwaka 2005 Koen Andries na wenzake walitangaza molekuli iliyopatikana kwa kujaribiwa dhidi ya bakteria walio hai, bila kuchagua shabaha kwanza. Shabaha ilijulikana baadaye kwa kuzisoma jeni za bakteria waliokuwa sugu: ilikuwa mtambo wa protini unaotengeneza nishati ya seli. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwezi Desemba 2012. Umbo la sehemu ya mtambo huo ikiwa imeshikana na bedakwilini lilichapishwa mwaka 2015. Ule mpangilio wa penisilini, trimethoprimi na isoniazidi ulikuwa umejirudia: dawa kwanza, shabaha baadaye, umbo mwisho.

6.0 Akili Unde na Swali Lilelile, 2020–2022

Tangu mwaka 1994 watafiti wamekuwa wakishindanishwa kila baada ya miaka miwili katika zoezi liitwalo CASP, ambapo hukadiria maumbo ya protini ambayo bado hayajatangazwa. Mwaka 2020 programu ya AlphaFold 2 ya DeepMind ilipata mediani ya alama 92.4 kati ya 100, kiwango kilichokaribia usahihi wa majaribio ya maabara. Kikwazo alichokieleza Levinthal mwaka 1969 kilikuwa kimezungukwa kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2021 maumbo yaliyokadiriwa yaliwekwa wazi kwa wote, yakiwemo ya Escherichia coli, Staphylococcus aureus na bakteria wa kifua kikuu, na mwaka 2022 idadi ilivuka milioni 200. Mafanikio hayo yasingewezekana bila maumbo yaliyokusanywa tangu mwaka 1971 katika hifadhi iliyoanza na maumbo 7.

Iwapo kutojua umbo ndicho kilichokuwa kikwazo cha dawa, basi kikwazo kilikuwa kimeondoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 na Felix Wong na wenzake ulilipima jambo hilo moja kwa moja. Walichukua maumbo ya AlphaFold ya protini 296 ambazo Escherichia coli hawezi kuishi bila hizo, wakayalinganisha kwa kompyuta na molekuli 218 zenye uwezo wa kuzuia ukuaji wa bakteria huyo. Utabiri ulipopimwa dhidi ya majaribio halisi ya protini 12, alama yake ya wastani ilikuwa 0.48, katika kipimo ambacho 0.5 ni sawa na kubahatisha. Jambo la kutiliwa mkazo ni kwamba maumbo yaliyobainishwa maabara hayakuleta matokeo yaliyokuwa tofauti sana. Kwa hiyo kosa halikuwa katika umbo. Lilikuwa katika namna ya kukadiria nguvu ambayo molekuli na protini hushikana nayo.

Wakati huohuo, mwaka 2020, kundi la James Collins lilitangaza halisini, molekuli yenye uwezo wa kuua bakteria iliyopatikana kwa msaada wa akili unde. Programu yao haikupewa umbo la protini yoyote. Ilifunzwa kwa molekuli 2,335 zilizokwisha kujaribiwa dhidi ya bakteria hai, ikajifunza kutoka kwa matokeo. Hata kompyuta, kwa hali hiyo, ilipata njia fupi zaidi pale ilipofundishwa na kiumbe hai kuliko pale ilipooneshwa kufuli peke yake.

7.0 Hitimisho

Historia iliyojadiliwa haioneshi kwamba vielelezo vya protini vimeshindwa. Vimefanya kazi tofauti na ile vilivyoahidiwa. Vimeeleza kwa nini trimethoprimi humwacha binadamu salama, kwa nini isoniazidi hupoteza nguvu na mahali ambapo usugu dhidi ya rifampisini huchipuka. Maelezo hayo yana thamani ya kitabibu, kwa kuwa usugu unaoeleweka unaweza kupimwa mapema na dawa kubadilishwa kabla mgonjwa hajadhoofika.

Kilichokosewa ni kuuchukulia mfano wa Fischer kana kwamba ndio kitu chenyewe. Kufuli la kweli limo ndani ya nyumba yenye ukuta wa nta, walinzi wanaowatupa wageni nje, na, kama isoniazidi ilivyoonesha, fundi anayeweza kuubadili ufunguo baada ya kuingia. Kila maendeleo ya hesabu yaliyopitiwa hapa yalilikaribia kufuli zaidi, lakini hayakuifuta nyumba.

Kwa vyuo na taasisi za Afrika Mashariki, funzo ni la vitendo. Maumbo sasa yanapatikana bila malipo, na ukosefu wa sinkrotroni si kizuizi cha kuanza. Kilicho adimu zaidi ni maabara zinazoweza kumkuza bakteria wa kifua kikuu kwa usalama, sampuli za wagonjwa zilizohifadhiwa vizuri, na kumbukumbu za matibabu za aina ile iliyowezesha jaribio la mwaka 1972. Mtafiti mwenye kielelezo bila vitu hivyo ataweza kueleza yaliyokwisha kupatikana na wengine. Akiwa navyo, kielelezo hichohicho kinaweza kumsaidia kuchagua lipi lijaribiwe kwanza.